Ugonjwa wa Saa Sita

Mwaka ule niliofanya kazi ya utafiti, swali lililonikera kuliko yote lilikuwa namba kumi na nne: katika siku saba zilizopita, umekula samaki wenye mafuta mara ngapi? Niliwauliza watu wa Kitui na Makueni swali hilo nikiwa na uso mkavu, kama tulivyofundishwa. Mwanamume mmoja wa Malili, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kando ya barabara kuu, aliyatazama malori yanayopita, kisha akaniuliza kama huyo samaki huwa anapita hapo akienda Mombasa au akirudi. Niliandika sifuri. Namba kumi na tano iliuliza kama mtu anapata jua la kutosha. Hiyo ilichekesha watu wote, hata wale waliokuwa na maumivu.

Tulikuwa tunatafuta kujua maisha ya watu wenye MS yakoje: wanakula nini, wanalala vipi, wanatembea kiasi gani, nini kinawaongezea nguvu na nini kinawapunguzia. MS ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Mwili wenyewe hushambulia lile ganda linaloikinga mishipa, ikabaki kama waya wa stima uliochunika, ujumbe wa kichwani ukawa unafika mguuni leo na kesho haufiki. Huku kwetu wagonjwa wanaojulikana ni wachache sana, wametawanyika, na wengi walizungushwa miaka mingi kabla ya kuambiwa jina la kinachowasumbua. Kuwahoji kulihitaji mtu mwenye subira. Mimi sina. Niliajiriwa kwa sababu mbili tu, kwamba nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi na najua kupima, na kwamba mimi ni wa Makueni na Kikamba ni lugha yangu.

Kazi yenyewe niliipenda kwa sababu haikunitaka nimpende mtu. Wodini unashika mkono, unafariji, unadanganya kidogo. Kwenye utafiti unauliza, unaandika, unashukuru, unaondoka. Baada ya wodi niliona hayo ni mapumziko.

Yule mwanamume wa Malili ndiye aliyenifundisha habari ya joto, ingawa fomu haikuuliza. Alikuwa na taulo iliyolowa maji shingoni, na alikuwa ameketi juu ya mfuko wa saruji akiwaelekeza wateja kwa kidole wajichukulie misumari wenyewe.

"Hii kitu inaogopa joto kunishinda," aliniambia. "Asubuhi niko sawa kabisa, napanda ngazi natoa mabati. Ikifika saa sita, miguu inakuwa ya mtu mwingine."

Hilo ni jambo linalojulikana kwa wagonjwa wengi wa MS: mwili ukipata joto, dalili huongezeka; ukipoa, hupungua. Mimi nililijua hata kabla hajaniambia. Nililiandika pembeni mwa karatasi, kisha nikafunga faili. Nalisema mapema ili nisije nikaonekana kwamba sikujua.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Matinyani kumhoji mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mke wa mjenzi anayefanya kazi Mombasa. Aliishi na watoto wawili wanaosoma shule ya msingi, pamoja na mama mkwe wake. Nyumba mbili za matofali zilitazamana, katikati uwanja uliofagiwa mpaka alama za ufagio zikaonekana kama umechanwa. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Msimamizi wetu alitaka kila mtu apimwe kati ya saa mbili na saa nne, ili matokeo yalinganishwe vizuri.

Mwanamke huyo alitupokea mlangoni akiwa na gauni la kanisani, nywele zimesukwa juzi tu. Nasema alitupokea, lakini nilikuwa peke yangu. Ni yeye aliyekuwa amejiandaa kana kwamba tunakuja wengi. Alileta chai ya maziwa, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu. Alibeba sinia mwenyewe, akaliweka mezani bila kumwaga hata tone. Nilifurahi. Nilijiambia, huyu anaendelea vyema, mahojiano yatakwisha haraka.

Mama mkwe alileta kiti chake akaketi nasi. Nilimweleza kwa heshima kwamba maswali haya ni ya siri, huulizwa mgonjwa akiwa peke yake. Akasema amesikia, akasogeza kiti hatua moja, akabaki hapo. Sikubishana. Kwake ni kwake.

Tulipofika kwenye maswali ya mazoezi ya mwili, yule mama aliingilia. Alikuwa mzee mwenye magoti mabovu, sauti ya chini, na hakuwa na hasira yoyote. Alizungumza kama mtu anayepanga mavuno.

"Daktari," alisema, maana hakutaka kusikia kwamba mimi si daktari, "mimi nataka kitu moja tu kutoka kwenu. Huyu asubuhi na mapema anaenda mtoni na punda. Anachimba mchanga mpaka maji yatoke, anachota, anarudi. Mimi hiyo siwezi. Lakini saa sita ikifika tu, analala. Ng'ombe ni mimi, ndengu ni mimi, jiko ni mimi. Hapa majirani wanaita ugonjwa wa saa sita. Sasa mimi nauliza, huo ugonjwa umesoma saa wapi?"

Mkwewe aliniongezea chai, ingawa kikombe kilikuwa bado kimejaa nusu.

"Mwaitu," nilimwambia, maana ndivyo Wakamba tunavyomwita mama, "si alipigwa picha ya kichwa Nairobi na daktari akaeleza?"

"Walipiga picha ya kichwa. Kichwa hakina shida. Ni miguu inakataa kazi." Akasugua magoti yake. "Kijana wangu nimemwambia kwa simu, tungoje watu wa utafiti. Mkisema ni mgonjwa, sawa, nitanyamaza na sitasema tena. Mkisema ni mzima, atarudi kwao Kabati apumzike vizuri huko. Watoto watabaki na mimi."

Nilimjibu sentensi niliyofundishwa: utafiti haumpimi mtu ili kumhukumu, unakusanya tu taarifa. Ni sentensi safi na haimsaidii mtu yeyote. Yule mama aliitikia kwa kichwa kama unavyomwitikia mtoto anayekueleza mambo ya shuleni.

Kisha ukaja mtihani wa kutembea. Unapima kwa futi ya kamba umbali wa mita nane kasoro kidogo, unaweka alama mbili, unashika saa ya kuhesabu sekunde, mgonjwa anatembea kutoka alama hadi alama kwa kasi anayoiweza. Niliweka alama zangu uwanjani, kwenye kivuli cha nyumba ambapo ardhi ilikuwa bado na ubaridi wa asubuhi. Nikasema, anza. Akaenda. Alikwenda wima, hatua sawasawa, gauni likipepea. Sekunde tano na kitu. Mimi mwenyewe na viatu vyangu vya raba sidhani ningemwacha mbali.

"Vizuri sana!" nikasema.

Nilikuwa nimezoea kusema hivyo. Miaka yangu yote ya wodini niliwaambia watu vizuri sana walipokohoa, walipomeza dawa, walipoenda haja. Maneno hayo yalikuwa yananitoka kabla sijayafikiria. Mama mkwe aliinuka kwenye kiti polepole, akishika magoti.

"Umesikia mwenyewe," alimwambia mkwewe. "Daktari amesema ni vizuri sana."

Akakusanya vikombe akaingia jikoni. Kwake mambo yalikuwa yamekwisha.

Yule mwanamke alinisindikiza hadi kwenye ua wa miiba, na hapo ndipo nilipoona mkono wake wa kulia umeanza kutetemeka. Alijishikilia kwenye nguzo ya lango. Nilimuuliza amefanya nini mpaka akatembea vile. Akanieleza kwa utaratibu, akitazama chini. Tangu alipopigiwa simu kwamba nakuja, siku mbili, hakwenda mtoni. Jirani alimchotea. Alikaa ndani mchana wote, miguu kwenye beseni la maji, leso iliyolowa imefungwa kichwani. Usiku alilala sakafuni kwenye saruji ili mwili upoe. Chai aliipika kabla jua halijatoka, akaiweka kwenye chupa, asikaribie moto.

"Kwa nini?" nilimuuliza. Nilikuwa nimekasirika, na nilimkasirikia yeye. "Mimi nimekuja kuona ugonjwa, wewe unauficha?"

"Sasa wageni wakuje wanipate nimelala kama gunia?" alisema. "Hiyo aibu ningeipeleka wapi? Watasema huyu hata chai ya mgeni hawezi. Halafu mimi nilifikiri ni mtihani. Mtihani si mtu anajiandaa?"

Mimi pia nimelelewa Ukambani. Najua mgeni akitarajiwa, nyumba inafagiwa, mgonjwa ananawishwa uso, aliyelala anaketishwa, na akiulizwa hali anasema ni njema. Mama yangu alipokuwa anakufa aliwaambia wageni yuko sawa mpaka siku aliposhindwa kusema. Fomu ilitungwa na watu ambao kwao mgonjwa akitembelewa na daktari humwonyesha panapouma. Mimi niliyejua tofauti hiyo ndiye niliyeibeba hiyo fomu, nikampa mwanamke huyu siku mbili za kujiandaa, nikaja asubuhi.

Kutoka mjini Kitui nilimpigia msimamizi simu. Ni kijana mwelevu, mpole, anayeongea kama anayesoma. Nilimwambia mgonjwa wangu apimwe tena mchana. Akasema hapana. Wote wamepimwa asubuhi, akipimwa mmoja mchana hatalinganishwa na wenzake. Nikamwambia kwamba nyumbani kwake matokeo yamesomwa kama hukumu. Akasema anaelewa, inasikitisha, lakini hilo liko nje ya utafiti. Niliona ni kweli, na nilitamani kumpiga kofi.

Jumatatu yake mwanamke alinipigia. Sauti yake haikuwa ya kulia.

"Nimeambiwa nijitayarishe Jumamosi, watoto wakifunga shule," alisema. "Mume wangu amesema nisibishane na mama yake. Nguo nimeshakunja. Nilikuwa tu nakujulisha, kwa sababu mlisema mtanitembelea tena baada ya miezi sita, mtanikosa."

Yaani hakuwa ameomba msaada. Alikuwa ananirekebishia anwani. Nikamwambia nitakuja Alhamisi, saa saba mchana, na asijiandae. Nilimkataza beseni. Nilimkataza leso yenye maji. Nilimwambia siku hiyo afanye kazi zote anazopangiwa, juani, mpaka nitakapofika. Nilisikia nilichokuwa nasema: mtu mwenye elimu ya uuguzi anamwagiza mgonjwa ajiumize. Akasema sawa.

Alhamisi nilichukua ruhusa nikaenda kwa nauli yangu, na futi yangu, na saa yangu. Jua lilikuwa kali mpaka mabati yalikuwa yanalia. Niliwakuta wote wawili uwanjani, mama mkwe anapiga ndengu kwa fimbo, mkwewe ameketi juani juu ya turubai anapepeta. Hakusimama kunipokea. Kwa nyumba ile, hilo peke yake lilikuwa habari. Mama mkwe aliona, akamtupia jicho, kisha akaniangalia mimi.

"Umerudi? Si alipita?"

"Mwaitu, siku ile nilipima vibaya," nilimwambia. "Nilikuja saa yangu mimi. Leo nataka nipime saa yenu."

Hakuelewa, au alielewa akataka kuona mwisho wake. Niliweka alama mbili, mahali pale pale, ila kivuli kilikuwa kimeondoka. Nikamweleza yule mama masharti, maana safari hii nilimtaka ajue: mgonjwa hatembei kwa fimbo, na hakuna mtu wa kumgusa. Akiguswa, matokeo yanafutwa, hayahesabiki. Nilirudia kwa Kikamba. Akasema si kiziwi.

Mwanamke alijiinua kwa mikono, akasimama. Nikasema anza, nikabonyeza saa.

Mguu wa kushoto ulikwenda. Wa kulia haukwenda. Aliuvuta, ncha ya kidole ikachora mstari vumbini. Hatua ya pili ilikuwa vile vile. Alikuwa anaangalia ile alama ya mbele kwa bidii, kama ilikuwa inamkimbia. Sekunde kumi. Sekunde kumi na tano, na alikuwa hajafika nusu. Goti likaanza kucheza. Mkono wa kulia ulikunjika wenyewe kifuani. Jasho halikumtoka kwa wingi. Uso ulikuwa umekauka tu na kuwa wa kijivu. Sekunde ishirini na mbili.

Niliona kwamba ataanguka. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, na miaka yote ile ya wodini imenifundisha kumdaka mtu kabla hajafika chini. Sikusogea. Nilikuwa naitaka ile namba. Nilitaka namba kubwa, mbaya, isiyobishaniwa, niipeleke kwa msimamizi na nimsomee yule mama kwa sauti. Mpaka leo nikikumbuka ninaona kidole changu gumba juu ya kitufe cha saa, kimetulia kabisa, na ninajichukia kidogo.

Fimbo ya ndengu ilianguka. Yule mama, na magoti yake, alifika kabla sijajua kwamba ameondoka alipokuwa. Alimpitishia mkono chini ya kwapa, akamkumbatia kiunoni kwa mkono mwingine.

"Kavola," alimwambia kwa Kikamba, yaani polepole. "Kavola, mwana wakwa."

"Mwaitu, ukimshika inafutika!" nilipaza sauti.

"Zima hiyo saa yako."

Nikaizima. Hawakurudi walikotoka. Walitembea mpaka kwenye ile alama ya pili, wote wawili wakichechemea, mmoja kwa magoti na mwingine kwa mguu, na walipofika mama akauliza kama ni hapo. Nikasema ni hapo. Akampeleka kivulini, akamketisha, akaingia ndani akatoka na lile beseni. Alimwagia maji miguuni kwa kikombe, kidogo kidogo. Mguu wa kulia uliendelea kutetemeka ndani ya maji, na yeye akawa anautazama. Aliuwekea kiganja juu, kama unavyohisi kama mtoto ana homa. Mkwewe alikuwa anatoa machozi bila sauti, na hakujificha.

"Kila siku ni hivi?" mama aliuliza hatimaye.

"Kila siku ya jua, mama."

"Na mtoni unaenda ukijua mchana utakuwa hivi."

"Mama, asubuhi ndiyo naweza. Kwa hivyo naenda asubuhi."

Mama aliendelea kumwaga maji. Kisha, bila kunigeukia, akasema, "Andika hiyo, daktari."

Nilimweleza kwamba haiandikiki. Namba imepotea alipomshika, nilikuwa nimemwambia. Kwenye karatasi nitaandika tu kwamba jaribio limebatilika.

"Basi andika mimi nimeona."

Fomu haikuwa na nafasi ya hilo. Ilikuwa na mstari mmoja chini kabisa, sababu ya kubatilika, na hapo niliandika: alishikwa na mama mkwe wake. Nilipoinua kichwa, yule mama alikuwa ameshika simu mbali kidogo na sikio, kwa namna ya wazee, anamwambia mwanawe kwa sauti ya uwanja mzima kwamba Jumamosi hakuna mtu anakwenda popote, na kwamba aache kuuliza maswali, atafute fundi wa kuwajengea tangi la maji nyuma ya nyumba.

Msimamizi alilifuta jaribio la pili, kama alivyopaswa. Lilifanyika saa isiyoruhusiwa, na mtu aliguswa. Katika jedwali la mwisho, ambalo nililiona kabla ya mkataba wangu kuisha, yule mwanamke amebaki na zile sekunde tano na kitu za asubuhi, na kwa kutembea yeye ni miongoni mwa walio na afya bora kabisa katika kundi lote. Sikumwandikia msimamizi kupinga. Miezi sita ilipotimia nilimtafuta kwa ziara ya pili, nikampata pale pale Matinyani.